Kitufe kipo kwenye simu yako, kwa mteja wako hakipo

Miezi michache iliyopita mama mmoja aliingia ofisini kwetu, akaweka simu mbili juu ya meza yangu ubavu kwa ubavu, kama mtu anayewasilisha kielelezo mahakamani. Tecno mbili za aina moja, rangi moja, zilizonunuliwa Kariakoo siku moja: yake na ya mweka hazina wa kikoba chao. Kwenye simu yake, programu tuliyowatengenezea ilifunguka vizuri. Juu picha ya wanachama, katikati jina na kiasi cha hisa, chini kitufe cha kijani, "Thibitisha". Kwenye simu ya mweka hazina kitufe hakikuwepo. Kulikuwa na mstari wa kijani tu pale chini kabisa, mwembamba kama uzi.

"Mwanangu, mmenipiga," akasema. "Simu ni zilezile, programu ni ileile. Mmenitengenezea nusu."

Sikumbishia. Nilichukua simu ya mweka hazina nikaingia kwenye mipangilio. Maandishi yalikuwa yamekuzwa karibu hadi mwisho, na ukubwa wa vitu kwenye kioo nao umepandishwa. Mwenye simu ana miaka sitini na kitu. Mjukuu wake ndiye aliyemwekea hivyo ili asome meseji bila kutafuta miwani. Dukani zilikuwa pacha. Mbele ya programu ni simu mbili tofauti kabisa.

Hii ni mara ya nne mwaka huu naletewa lalamiko la namna hii, kila mtu na maneno yake. Naandika ili wa tano nimtumie kiungo.

Watu huhesabu kioo kwa inchi, kwa sababu ndivyo muuza simu anavyosema. Sisi inchi hatuzitumii. Kwenye Android tunapima kwa dp, na dp moja ni sawa na pikseli moja, yaani nukta moja ya kioo, kwenye kioo chenye pikseli 160 kwa inchi. Chukua simu yenye upana wa pikseli 720 na msongamano wa pikseli 320 kwa inchi: 320 ni mara mbili ya 160, kwa hiyo unagawanya kwa 2, unapata dp 360. Chukua nyingine ya bei mbaya, pikseli 1080 na msongamano wa 480: unagawanya kwa 3, unapata 360 ileile. Kwa hiyo simu ya laki mbili na nusu na simu ya milioni moja zinaweza kuwa na nafasi sawa kabisa ya kupanga vitu. Sasa mjukuu akipandisha ukubwa wa vitu, simu ile ya kwanza inaanza kujihesabu kuwa na msongamano wa 360 badala ya 320. Gawanya upya: upana umeshuka hadi dp 320, urefu uliokuwa 800 umebaki 711. Kioo ni kilekile, lakini nafasi karibu dp 90 kwenda chini imeyeyuka. Na maandishi nayo yamevimba. Tangu Android 14 ya mwaka 2023, Google imeruhusu yakuzwe hadi asilimia 200.

Halafu kuna ile picha. Mama alitaka wanachama wote waonekane juu, na sare zao za kitenge, na akasisitiza picha isipungue. Tukaipa dp 280 zisizosogea. Picha imekaa, maandishi yamevimba, kioo kimepungua. Anayesukumwa nje ni yule aliyeko mwisho wa foleni, na mwisho wa foleni ndipo kilipo kitufe.

Mpangilio mzuri unakwenda kama benchi la daladala za zamani. Konda akisema songeeni, kila mtu anasogea kidogo, wa tano anakaa. Mpangilio wa namba zilizokazwa ni kiti cha basi la mkoani: kimefungwa kwa bolti, na mtu akiwa mnene ni shida yake.

Sasa tufike kwenye kotesheni, maana hapo ndipo ugomvi ulipo. Kwenye kila kotesheni yetu kulikuwa na mstari unaosomeka "Kupima na kurekebisha mpangilio kwenye simu mbalimbali, 350,000". Huo ndio mstari wa kwanza wateja kuukata. Mwingine anauliza, "Simu si simu?" Mwingine anaona tumeujaza tu ili bei ipande. Nilitoa kotesheni ya mama kwenye faili. Amepiga mstari kwa peni yake mwenyewe, na pembeni ameandika "tutapima wenyewe". Akaitazama muda mrefu.

"Ungenilazimisha," akasema.

Nilitaka kucheka, lakini ana hoja, nitairudia.

Kwanza niseme kile walichopima wenyewe. Mama alifungua programu kwenye simu yake, akampa na mwanawe. Simu zote mbili ziko kwenye mpangilio wa kiwandani. Bosi mmoja wa usambazaji wa mizigo alifanya hivyohivyo mwaka juzi: akaidhinisha kila ukurasa kwenye iPhone yake ya Pro Max, kioo cha pointi 430 kwa 932 (pointi ndiyo dp ya iPhone), mle ndani unaweza kucheza mpira. Madereva wake wa bodaboda wanatumia vi-itel vidogo, juani, kioo kina mikwaruzo. Kwa bosi, vitufe viwili vilikaa sambamba kwa raha, "Nimefikisha" na "Nimeshindwa kufikisha". Kwa madereva vilibanana, maneno ya cha pili yakashuka mistari mitatu, na kidole gumba kikawa kinagusa kisichotakiwa. Mizigo iliyofika ikaandikwa imeshindikana. Alipoteza wiki nzima kupigia wateja simu kabla hajatupigia sisi. Dawa yenyewe ilikuwa kuvipanga vitufe juu na chini badala ya ubavuni, na kila kimoja kikapewa urefu wa dp 48, kipimo ambacho miongozo ya Android yenyewe inakitaja kwa kitu cha kuguswa. Kazi ya saa mbili, ingefanyika kabla.

Na kuna njia ya mkato ninayoombwa kila mara: "Punguzeni tu maandishi yatoshe." Au, kwa aliyesikia kwa fundi mwingine, "Zuieni programu isifuate maandishi ya simu." Inawezekana. Ni mstari mmoja wa msimbo, kitufe kinarudi palepale, na fundi anaonekana bingwa. Mama naye alikuja na ombi hilohilo. Nikamuuliza mweka hazina atasoma vipi. Akasema mjukuu atamsomea. Basi namba ya siri ya mfuko wa kikoba itakuwa kwa mweka hazina na kwa mtoto wa darasa la sita.

Njia nyingine ya mkato ni kuzidisha kila kitu kwa uwiano wa upana wa kioo. Kwenye simu ndogo maandishi yanakuwa kama ya kwenye kibandiko cha dawa, kwenye tableti kitufe kinakuwa kama sinia la pilau. Tumeshapokea programu mbili za namna hiyo kutoka kwa watu wengine, na zote tulizianza upya upande wa kurasa, kwa sababu huwezi kurekebisha ukurasa mmoja bila mwingine kuharibika.

Violezo vya kununua mtandaoni, yaani kurasa zilizopangwa tayari, navyo vina mambo yake. Muuza samani wa Keko alinunua kiolezo kizuri kwelikweli, akatuletea tubadilishe rangi na lugha tu. Kiolezo kimepangwa kwa bei ya dola tarakimu tatu na kitufe cha kulipia chenye herufi tatu. Sisi tunaweka "TSh 1,850,000" na "Lipia sasa". Fundi aliyekuwa naye kabla yetu alilazimisha ikae kwenye kisanduku kilekile, bei ikakatika ikabaki "TSh 1,850". Mteja akapiga simu kuulizia seti ya makochi ya elfu moja mia nane hamsini, na alikuwa mkali, maana ana picha ya skrini. Kiswahili kinataka nafasi, na shilingi yetu ina sifuri nyingi; anayepanga ukurasa lazima aanze na neno refu kuliko yote na bei kubwa kuliko zote dukani.

Sisi pia tumewahi kuharibu. Kuna zana tunayoitumia, Flutter, ambayo kitu kikizidi nafasi yake inachora mistari ya njano na nyeusi ukingoni, kama utepe wa polisi. Lakini mistari hiyo hutokea tukiwa bado tunatengeneza tu. Ukishatoa toleo la kupeleka kwenye duka la programu haionekani tena. Kilichozidi kinaweza kukatika au kufunikwa kimyakimya. Mwaka 2021 kijana wetu aliona mistari kwenye ukurasa mmoja, ziada ya pikseli sita, akaona ni kitu kidogo. Kwenye simu za wateja ikawa ni nusu ya namba ya risiti. Tulirudia kazi siku tatu bila ankara, na tangu hapo mistari ya njano haitoki ofisini hata iwe ya pikseli moja.

Kwa hiyo 350,000 inakwenda wapi? Tuna droo yenye simu tisa. Itel ya inchi tano, Infinix, Tecno mbili, Samsung za kawaida, iPhone SE, tableti moja. Nyingi ni za mtumba, moja ina ufa tangu tulipoinunua. Programu ya mama ina kurasa 14. Kila ukurasa unafunguliwa mara tatu kwa kila simu: kawaida, maandishi yakiwa makubwa kabisa, na vitu vyote vikiwa vimekuzwa. Hizo ni mara 378, kabla hujafungua kibodi kuona kama imefunika kitufe, na kabla hujaigeuza simu ikalala. Haifiki hata elfu moja kwa kila mara, na ndani yake kuna kurekebisha.

Na kazi hii haina mwisho. Mwisho wa Agosti 2025 Google Play ilianza kutaka programu mpya na masasisho yalenge angalau Android 15, yaani yafuate kanuni zake, na huko programu hujitandaza hadi ukingo wa kioo. Usipoiandaa, kichwa cha ukurasa kinaingia chini ya saa na kamera, kitufe cha chini kinagongana na vile vya simu. Wateja wawili wa zamani wameshatupigia kuhusu hilo.

Narudi kwenye "ungenilazimisha". Tumeufuta ule mstari. Gharama ya kupima sasa imo ndani ya bei ya kila ukurasa, hakuna pa kupitisha peni. Tangu tufanye hivyo tumepoteza kazi mbili kwa kuonekana ghali, na moja kati ya hizo nimeiona Play Store. Nimeifungua kwenye itel yetu. Sitasema zaidi.

Ukija kuzungumza kazi, njoo na simu yako na ya yule mtu nyumbani au kazini anayelalamika kuliko wote.

Mama alilipa ile 350,000 na 180,000 juu yake kwa kurudia kurasa nne na kutoa toleo jipya, baada ya mjadala mrefu na chai mbili. Kitufe sasa kimebandikwa chini, kilicho juu yake kinasogea kwa kidole, na picha inajipunguza nafasi ikibana. Juzi mweka hazina amethibitisha michango yote mwenyewe, bila mjukuu. Lalamiko lililobaki ni la wanachama: kwenye simu yake wanasema sura zao zimekuwa ndogo.