Asante, fundi uliyempa mama kona ya kusomea

Natoa shukrani hadharani kwa fundi seremala aliyekuja nyumbani kuleta kiti tu, akaondoka ametuachia kona nzima ya kusomea. Mama yangu anapenda vitabu mno, lakini alikuwa ameanza kuviacha: taa ilimpiga usoni, macho yakamchoka, shingo nayo ikamuuma.

Fundi aliposhusha kiti, alimwomba mama aketi afungue kitabu, akatazama kivuli kinaangukia wapi. Akageuza kiti ili dirisha liwe ubavuni, akasogeza taa nyuma ya bega, akatushauri balbu nyeupe kali tuibadilishe kwa ya mwanga wa manjano, kelvini 2700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Rafu aliitoa kwenye ukuta wenye unyevu, maana karatasi huota ukungu, akaifunga kwa skrubu mbali na jua linalopausha majalada. Hata kimo cha rafu alikipima kwa mkono wa mama akiwa ameketi! Hilo ndilo lililonigusa kuliko yote.

Malipo ya ziada aliyakataa. Fundi wangu, Mungu akubariki. Siku hizi mama anasoma mpaka tumkumbushe kulala. Nanyi mafundi wengine, kabla hamjaondoka kwa mteja, mwombeni aketi kwanza mwone.