Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa makumbusho: kibao kile bado kipo

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na taadhima, hii ni barua yangu ya nne kuhusu kibao cha maelezo kilicho chini ya picha moja ukumbini. Tatu za kwanza niliandika kwa Kijerumani. Nikajibiwa mara moja tu, nikishukuriwa kwa "mchango" wangu. Hii nimeiandika kwa Kiswahili na kuiweka hadharani, huenda ikasomeka vizuri zaidi.

Kila alfajiri mimi ndiye nifutaye vioo vya ukumbi wa Himalaya. Pale kwenye picha kubwa, Bruno Beger amebana kichwa cha mtu kwa kile kipimo cha chuma chenye makucha mawili. Aliyebanwa ametazama pembeni. Chini pameandikwa: "Mtafiti akiwa kazini, Tibet." Aliyepimwa hata jina hana.

Jumanne iliyopita walikuja wanafunzi. Mmoja akamkamata mwenzake kichwa kwa vidole, akamwigiza Beger, wakacheka. Mwalimu akasoma kibao kwa sauti, wakapita. Watoto siwalaumu. Kibao ndicho kilichowaambia kwamba pale pana mtafiti tu.

Beger alikuwa mtu wa SS, kikosi cha Wanazi wa Hitler, kama Wajerumani wenzake wote katika msafara wa Ernst Schäfer kwenda Tibet wa 1938 hadi 1939, Himmler, mkuu wa SS, akiwa mlezi wao. Alikuwa akisaka kwa Watibeti dalili za damu ya "Kinordiki", yaani ya wazungu wa kaskazini ambao Wanazi waliwaita mbari bora. Alipima watu 376, wengine akawapaka plasta usoni ili apate sura zao. Mwaka 1943 alikwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akapima na kuchagua watu tena. Wayahudi 86 wakauawa kwa gesi huko Natzweiler, kambi nyingine ya Wanazi, ili mifupa yao iwekwe kwenye mkusanyo wa profesa mmoja wa Strasbourg. Mahakama ya Frankfurt ilimhukumu miaka mitatu, 1971. Miaka mitatu, Mheshimiwa, kwa watu 86.

Februari, kikaoni, ulituahidi kibao kitabadilishwa kabla ya Pasaka. Hukutaja Pasaka ya mwaka gani. Kosa ni letu, hatukuuliza. Nasikia tatizo ni bajeti. Kibao chenyewe hakizidi kiganja changu! Labda kuna mfadhili asiyependa neno SS ukutani. Nakisia tu, maana anyimwaye jibu hana la kufanya ila kukisia.

Mimi ni mzaliwa wa Old Moshi. Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wetu wa Kichaga, pale mwaka 1900, na hadi leo wazee wanangoja kichwa chake, kinachosemekana kilipelekwa Ujerumani. Nikifika kwenye kioo kile mkono unakuwa mzito. Nilipomweleza msimamizi, alinionea huruma: akaniambia nitahamishiwa ukumbi wa vyombo vya udongo. Yaani nihame mimi, kibao kibaki.

Siombi picha iondolewe. Andikeni huyu alikuwa nani, alitumwa na nani, na baadaye alikwenda kufanya nini. Maneno ishirini yanatosha. Badilisheni kibao, Mheshimiwa. Akikosekana wa kuyaandika, mimi hufika kazini saa kumi na moja alfajiri.

Wako mtiifu, bado,
Mfuta vioo