Bustani ya anayekesha kazini: saa ya kushika udongo

Anayetoka lindoni saa 12 asubuhi anafika kwake Mbagala au Kimara jua limeshapanda, na mwili umeshapokea amri ya kuamka. Analala kwa muda wa saa nne au tano tu za mang'amung'amu, anaamka kichwa kizito, jioni anarudi kazini na hasira za bure. Walinzi, wauguzi, waokaji mikate, wafanyakazi wa viwandani na wa bandarini wanalijua hili. Wengi wao husikia kwamba bustani inatuliza mawazo na kuleta usingizi, na ni kweli kwa sehemu. Tunawauzia miche na kuwapangia bustani hizo, ndiyo maana tungependa kueleza vizuri ni sehemu gani, kwa sababu bustani hiyohiyo ikishikwa kwa saa isiyofaa huukata usingizi.

Ushauri uliozoeleka ni huu: ukifika nyumbani asubuhi, mwagilia kwanza, utulie, ndipo ukalale. Kwa anayelala usiku ni ushauri mzuri. Kwa anayekesha ni kosa kubwa.

Sababu ni mwanga. Ndani ya ubongo kuna saa inayopanga usingizi, njaa na joto la mwili, na saa hiyo husetiwa zaidi na mwanga unaoingia machoni. Taa za ofisini au wodini kwa kawaida hutoa lux (kipimo cha mwanga) 100 hadi 500. Nje, hata ukiwa kivulini, unapata lux elfu kadhaa, na jua la wazi linaweza kufika 100,000. Dar es Salaam jua huchomoza kati ya saa 12 na saa 1 kasoro mwaka mzima, kisha hupanda haraka. Dakika 30 za kumwagilia saa 2 asubuhi zinauambia ubongo kwamba siku imeanza, na homoni ya usingizi, melatonini, inakatika wakati ndio unataka kujilaza.

Saa ya namna hii haiko kwa binadamu tu. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliuweka gizani mmea unaodhaniwa kuwa kifauongo, akaona majani yanaendelea kufunguka na kujikunja kwa wakati wake bila kuliona jua. Mkwaju nao hukunja vijani vyake usiku.

Saa ya bustani kwa mtu wa zamu ya usiku, basi, ni alasiri, baada ya kuamka. Charmane Eastman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rush, Chicago, walitengeneza ratiba kwa watu wa zamu za usiku za kudumu: mwanga mkali kazini usiku, miwani ya giza njiani kurudi, chumba chenye giza, kisha angalau dakika 15 za mwanga wa nje mara baada ya kuamka alasiri. Kazi ya ule mwanga wa alasiri ni kuizuia saa ya mwili isiteleze kupita kiasi, ili siku ya mapumziko usijikute unalala mchana kutwa huku familia iko macho. Bustani inakupa sababu ya kutoka nje saa hiyo kila siku, na hapo ndipo thamani yake kubwa ilipo. Tahadhari moja kuhusu miwani: kama wewe ndiye unayeendesha pikipiki au gari na usingizi umekubana, usiivae. Kufika salama kunatangulia.

Kwa upande wa mawazo, kuna utafiti wa Uholanzi wa Agnes van den Berg na Mariëtte Custers, uliotoka mwaka 2011. Watu 30 walipewa kazi ya kuwachosha akili, kisha nusu wakaenda kufanya bustani kwa dakika 30 na wengine wakasoma ndani. Kortisoli, homoni ya msongo inayopimika kwenye mate, ilishuka kwa wote, lakini kwa wenye bustani ilishuka zaidi, na hali yao ya moyo ikarudi sawa kabisa. Wale hawakuwa watu wa zamu, na kilichopimwa ni nusu saa moja tu. Kwa hiyo sisi hatuuzi mmea kama dawa ya usingizi. Tiba ya bustani yenyewe huongozwa na mtaalamu aliyefunzwa, mwenye malengo na kumbukumbu za kila mgonjwa. Huduma yetu ni kukupangia bustani inayoendana na zamu yako, na kuisimamia wiki za mwanzo.

Ratiba ya anayefanya saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi huwa hivi: kufika nyumbani saa 2, kula kidogo, kulala saa 2 na nusu, kuamka karibu saa 9 alasiri, bustani dakika 20, kuoga, kula, kuondoka saa 10. Dakika 20 ndizo zilizopo, na bustani lazima itoshee humo. Dakika tano za kwanza ni za kukagua tu: geuza majani uone chini yake, gusa udongo. Dakika kumi zinazofuata fanya kazi moja ya mikono, kama kupunguza miche, kuchuma au kupalilia, usichanganye. Tano za mwisho ni za maji. Simu ibaki ndani, na miwani ya jua usivae saa hii, kwa sababu mwanga ndio unaoufuata. Kukaa chini ya mwembe kunatosha, ilmradi uko nje.

Muuguzi mwenye usiku wawili au watatu kisha mapumziko, mambo yake ni tofauti. Akimaliza usiku wa mwisho alale hadi saa 6 au 7 mchana, atoke nje, kisha asubuhi zinazofuata ashike bustani saa 1 asubuhi. Kwake siku hizo mwanga wa asubuhi ni msaada, maana anataka kurudi kwenye usingizi wa usiku.

Tunaanzia na ndoo nne za lita 20. Wateja wengi huomba kumi, na hapo ndipo bustani hufia: ndoo kumi zinakula saa nzima na madumu ya maji ya kununua, mtu anaanza kuiba muda wa usingizi ili kuziokoa, kisha mimea ikinyauka anaongeza lawama juu ya uchovu. Ndoo iliyojaa udongo wenye maji hufika kilo 30 hivi, kwa hiyo kwa ghorofani ulizia kwanza uimara wa kibaraza. Anayepanga chumba azungumze na mwenye nyumba kabla ya kununua chochote.

Toboa mashimo matano ya milimita 10 chini ya kila ndoo. Mchanganyiko ni vipimo viwili vya udongo wa juu, kimoja cha samadi ya ng'ombe iliyooza, na nusu ya kumbi za nazi zilizosagwa, kwa kuwa udongo mwingi wa Dar ni wa kichanga na haushiki maji. Kumbi za pwani huwa na chumvi: loweka, mwaga maji, rudia mara ya pili. Samadi mbichi huunguza mizizi na kuleta inzi. Iliyoiva haina harufu kali, ni nyeusi, na ukiibana mkononi haina joto. Samadi ya kuku ni kali zaidi, tumia theluthi ya kipimo hicho.

Tukilazimika kuchagua mboga moja, ni matembele. Yanavumilia joto, yanasamehe siku moja bila maji, na yanarudi kila unapochuma. Kata vipande vya sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye mashina yasiyo na majani yaliyojikunja au yenye madoa ya njano, fukia macho mawili au matatu, vipande vitatu kwa ndoo. Mchumo wa kwanza ni wiki ya tano au sita. Weka ndoo mbili za matembele. Ya tatu iwe mchicha: changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisianguke kwa lundo, funika kidogo sana, punguza miche ili kati ya mmoja na mwingine ibaki nafasi ya sentimita 7 hivi, na wiki ya nne unakula. Kupunguza miche ni kazi nzuri kwa kichwa kilichojaa mambo ya wodini, maana vidole vinataka uangalifu lakini akili haidaiwi uamuzi mzito. Ndoo ya nne ni ya harufu: mchaichai au mrehani. Harufu hailazi mtu, ila kikombe cha mchaichai kabla ya kulala kinachukua nafasi ya chai ya rangi, na hilo lina faida inayoeleweka. Nusu ya kafeini uliyokunywa hubaki mwilini saa tano hivi baadaye, kwa hiyo chai au kahawa ya saa 10 alfajiri bado inakufuata kitandani.

Nyanya hatukushauri kwa msimu wa kwanza. Kantangaze (nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda) na ukungu hudai macho ya kila siku, na kushindwa kwake kunavunja moyo.

Maji ni lita moja hadi moja na nusu kwa ndoo kila siku katika joto la Januari na Februari, nusu yake kukiwa na baridi, na masika mara nyingi hakuna haja. Ingiza kidole hadi pingili ya pili: kikitoka na udongo ulioganda, subiri. Mimina kwenye udongo, usilowanishe majani. Matandazo ya majani makavu, unene wa sentimita 5, yanapunguza sana kiu ya ndoo. Kwa siku unazolala kazini mfululizo, weka ndoo ndani ya ndoo nyingine yenye lita 3 za maji na kupitisha utambi wa fulana kuukuu, upana wa sentimita 5, nusu yake ikiwa kwenye udongo na nusu majini. Utambi wa pamba huoza, badilisha kila msimu.

Vidukari vikiingia, changanya kijiko cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, nyunyiza chini ya majani jua likiwa limepoa, suuza siku ya pili. Ukinyunyiza jua kali, majani huungua. Kwa kuku wa jirani, kinga ni wavu tu.

Sasa dirisha, na hapa tungependa usome taratibu, kwa sababu wateja wengi hufikiria ndoo za mboga na kusahau kwamba chumba cha bati chenye dirisha la mashariki hupigwa na jua kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi, saa zile hasa unazotafuta usingizi. Mwili unahitaji kushusha joto ili ulale vizuri, na chumba cha namna hiyo kinaukatalia. Mmea unaotambaa husaidia kwa kukinga jua kabla halijafika ukutani. Sisi hutumia dodoki. Loweka mbegu usiku mmoja, panda kina cha sentimita 2, huota ndani ya siku 7 hadi 10 na kufika juu ya dirisha kwa wiki sita hadi nane likipata samadi na maji. Simika mirunda miwili ya mita 2.5, fukia nusu mita, funga kamba za katani kila sentimita 20. Uchanja ukae sentimita 40 kutoka ukutani. Ukiubandika kwenye ukuta, hewa haipiti, unyevu unabaki, na mchwa hupata njia. Miche miwili inatosha dirisha la mita moja na nusu, na katika kiangazi kila mmoja hunywa lita 3 hadi 4 kwa siku.

Majani hayaleti giza la kutosha. Pazia zito au kitambaa cha kufunika macho bado unahitaji. Dodoki ni la joto, pazia ni la mwanga.

Halafu mbu. Mbu wa dengi, Aedes, huuma mchana, na Dar es Salaam imepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Anayelala mchana yuko wazi kwao kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani, kwa hiyo chandarua kishushwe mchana na wavu uwe dirishani. Yai huchukua siku 7 hadi 10 hivi kuwa mbu, basi mwaga maji ya visahani kila baada ya siku tano na usugue kingo, kwani mayai hugandia pale na kuvumilia ukavu kwa miezi. Ndoo ya utambi ibane vizuri, au ziba mwanya kwa kitambaa. Vaa glavu na viatu: vijidudu vya pepopunda hupatikana kwenye udongo na samadi, na minyoo ya safura kwenye udongo.

Kabla hatujaleta ndoo tunakuomba uandike kwa siku 14: ulilala saa ngapi, uliamka saa ngapi, nini kilikuamsha, na msongo kwa alama 0 hadi 10 kabla ya kuingia kazini. Endelea kuandika wiki nne za bustani. Kilichokuamsha ndicho kinachotuongoza. Joto likiwa ndilo linalorudi kila siku, tunaanza na dodoki kabla ya mboga. Ikiwa ni kelele za watoto, ndoo hazitasaidia, na tutakwambia hivyo.

Ukikoroma hadi pumzi kukatika, ukisinzia ukiwa unaendesha, au huzuni ikikaa wiki mbili bila kuondoka, nenda kwa daktari kwanza. Bustani itakusubiri.

Ukija kitaluni, njoo na saa zako za zamu, upande dirisha lako linakotazama, vipimo vya uwazi ulio nao nje, na jibu la mwenye nyumba.