YAH: KUKATALIWA KWA BLENDA ILIYORUDISHWA NA KUDHALILISHWA MBELE YA MTEJA WANGU

Mwanjelwa,
Mbeya.
14 Julai

Meneja Mkuu,
Idara ya Mauzo ya Jumla,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Naomba uisome barua hii wewe mwenyewe, usiirudishe dawati la huduma kwa wateja, kwa sababu dawati hilo ndilo ninalolilalamikia. Mimi nauza bidhaa zenu: mteja ananilipa mimi, nami nawalipa ninyi bei ya jumla, kisha ninyi mnampelekea mzigo.

Masharti ya kurudisha bidhaa mnayajua, mmeyaandika wenyewe: siku 7 tangu mteja apokee mzigo. Tangu apokee. Mteja wangu wa Tukuyu aliupokea tarehe 16 Juni, kwa sababu boksi mlilipakia kwenye basi bila namba yake ya simu, likakaa ofisi ya vifurushi stendi ya Mbeya mpaka nilipokwenda kulitafuta mwenyewe. Tarehe 18 nikawatumia picha na maombi ya kurudisha. Mkanijibu kwamba siku 8 zimeshapita. Mlianza kuhesabu tarehe 10, siku mzigo ulipotoka stoo kwenu! Kwa hesabu hiyo, mteja wa nyanda za juu anaweza kumaliza muda wake wote mzigo ukiwa bado barabarani.

Bidhaa yenyewe: kwenye orodha yenu ni blenda ya wati 1000, jagi la kioo. Picha hiyo ndiyo niliyoitumia kuuzia, kama tulivyokubaliana. Iliyofika ina jagi la plastiki, lina ufa kutoka mdomoni hadi kwenye mshikio, na kibandiko cha chini kimeandikwa wati 350. Mtu hahitaji fundi kuisoma namba hiyo.

Tarehe 23 Juni yule mama akaja nayo mwenyewe. Ni mwalimu mstaafu, amepanda gari asubuhi na baridi la Juni, boksi amelifunga kwenye kitenge. Nikawapigia mbele yake ili asikie kwamba ninalishughulikia. Kijana wenu akaomba kuongea naye, nikaweka simu spika. Akamwambia kwamba mimi sina mzigo wowote, ni dalali tu, na akampa bei yenu ya jumla. Nitalirudia jambo hili.

Tarehe 24 mkasema nitume blenda mkaikague. Nikalipa kifurushi cha basi 10,000 kutoka mfukoni. Siku 10 kimya. Tarehe 4 Julai likaja jibu la mstari mmoja: "Imekaguliwa, imevunjwa na mteja, hakuna kurejesha fedha." Kuhusu kioo kilichogeuka plastiki, hamkusema neno.

Kwa hiyo naomba mnirudishie 68,000 niliyowalipa pamoja na 10,000 ya kifurushi. Jumla 78,000.

Hayo ndiyo madai niliyoyaandika wiki iliyopita, barua ikiwa bado haijatumwa. Tarehe 9 Julai mteja mwingine, huyu yuko Vwawa, akanitumia picha za blenda mliyompelekea kwa oda mpya. Jagi la plastiki, ufa ule ule kutoka mdomoni hadi kwenye mshikio. Nikamwomba aigeuze. Chini yake kuna maandishi ya kalamu ya maka: TUKUYU 23/6. Huo ni mwandiko wangu, Ndugu Meneja. Niliandika kwa mkono wangu kabla ya kuwatumia, na soletepu niliyobandika juu ya ufa mmeitoa lakini gundi yake bado imeacha alama. Kama ilivunjwa na mteja wa Tukuyu, mliiuzaje kwa mteja wa Vwawa kama mpya? Na kama ni nzima, kwa nini mlikataa kunirudishia?

Sasa nirudi kwenye tarehe 23, kwa sababu fedha zinatafutwa, lakini lile lililofanyika siku ile linaniamsha usiku.

Yule mama alikuwa amekaa kwenye kiti changu cha pekee, mimi nimesimama. Simu iko mezani katikati yetu. Kijana wenu hata shikamoo hakumpa. Alisema, maneno yake haya hapa: "Mama, huyo dada hana mzigo wowote. Ni dalali, anakuongezea bei tu. Chukua namba yetu, hiyo blenda kwetu ni 68,000." Mama akainua macho akaangalia chumba changu: meza, kompyuta, ukuta mtupu. Halafu akaniangalia mimi. Yeye alilipa 85,000. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, ni kweli?" Na kijana wenu bado yuko hewani, anasikiliza, anarudia namba ya simu.

Kifungu cha siri ya bei ya jumla kiko kwenye mkataba mliouandaa ninyi. Ile 17,000 ndiyo inayolipa bando, kodi ya chumba, matangazo, na usiku ninaokesha kuwajibu watu oda zenu ziko wapi. Mama yule nilimrudishia 85,000 yake yote na nauli, siku ile ile, kutoka mtaji wangu. Na yule wa Vwawa nimeshamrudishia pia. Ninyi hamjarudisha hata senti.

Kwa hiyo madai yangu yamebadilika. Nataka 68,000 ya Tukuyu, 68,000 ya Vwawa, 10,000 ya kifurushi, na 34,000 ya faida niliyopoteza kwa oda zote mbili: jumla 180,000. Nataka barua ya kumwomba radhi yule mama, yenye sahihi yako, siyo ya kijana wa dawati. Blenda ile, iliyorudi kutoka Vwawa, ninayo mezani hapa na sitailipia tena nauli ya kwenda Dar. Mkiitaka, tumeni mtu aifuate.

Nawapa hadi tarehe 24 Julai. Ikipita, picha zote, risiti zangu na jibu lenu la tarehe 4 nitazipeleka Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mteja, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo yaliyouziwa. Baada ya hapo nitafungua madai Mahakama ya Mwanzo hapa hapa Mbeya, na mtasafiri ninyi kuja kuelezea ile hesabu ya siku 8.

Oda zote mpya nimezisimamisha kuanzia leo.

Wako,
Mwenye duka,
Mwanjelwa, Mbeya.