Mwanangu, usimvute Kahawa kwenye pembea

Mwanangu mpendwa,

Video uliyonitumia nimeitazama mara nyingi, nyingine nikiisimamisha na kuirudisha nyuma polepole. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, maana kwenye simu tungeishia kubishana na mimi nina mengi ya kusema. Tafuta mahali utulie, usome yote.

Umeniambia Kahawa anakuaibisha mbele ya wenzako pale kwenye klabu ya ajiliti, mchezo wa mbwa kupita vizuizi akiongozwa na mtu wake, kwamba mbwa wote wanapanda pembea, ule ubao mrefu unaocheza juu ya egemeo la katikati, isipokuwa yeye. Hakuaibishi, mwanangu. Anaogopa, na amekuwa akikueleza hivyo kwa kila kiungo alichonacho.

Rudi kwenye video, uangalie sekunde chache kabla ya pembea. Anatoka handakini mbio, mkia juu, anaruka kiunzi vizuri kabisa, halafu anaiona ile mbao. Hapo hapo anapunguza mwendo. Analamba pua. Anageuza kichwa pembeni, kisha anainamisha pua kwenye nyasi na kuanza kunusa. Wewe ukadhani ni uzembe, ukapaza sauti. Mbwa anayekatisha mbio zake kuanza kunusa nyasi mara nyingi ana wasiwasi, anatafuta namna ya kujituliza. Kupiga miayo wakati hana usingizi ni hivyo hivyo. Baadaye mkufunzi anasikika akisema, "Mvute tu, atazoea." Kamba inakaza, shingo ya Kahawa inanyooka, makucha yanakwaruza ubao. Anavuka katikati, ubao unashuka na kupiga chini kwa kishindo, naye ameshachupa kabla haujatulia.

Hakuzoea chochote pale. Alichojifunza ni kwamba ubao unaanguka kweli, na kwamba wewe ndiye unayempeleka kwenye kuanguka. Hilo la pili ndilo limeninyima usingizi. Simfahamu mkufunzi huyo, na huenda anawapenda mbwa kwa dhati, lakini kwa jambo hili usimfuate. Mwambie kwa adabu kwamba pembea utaifundisha mwenyewe, kwa njia yako.

Hebu uitazame pembea kwa macho ya Kahawa. Ubao una urefu wa kama mita 3.6 na upana wa sentimita 30 tu. Lile daraja la mbao la uwanjani, pamoja na kwamba liko juu zaidi ya mita moja, ukilikanyaga linabaki palepale. Kile kilima cha mbao mbili zilizoegemezana, chenye kimo cha kama mita 1.7, nacho kinabaki palepale. Pembea peke yake ndiyo inayosogea chini ya miguu ya mbwa. Anapanda, anavuka egemeo la katikati, na ghafla anachokikanyaga kinaondoka. Kisha kanuni zinamtaka asishuke mpaka ncha iguse chini, na akanyage ile sehemu ya mwisho iliyopakwa rangi. Akiruka mapema ni pointi 5 za adhabu. Tena Kahawa ni mwepesi. Mbwa mzito ubao humshukia haraka, lakini mwepesi hukaa hewani zaidi akisubiri, huku kitu kinayumba chini yake. Hofu yake ina msingi.

Anza upya, kama vile hajawahi kuiona. Hata zile mara chache alizovuka, zisahau.

Mwanzoni achana na pembea yenyewe. Tafuta kipande cha ubao kipana, ukiweke nyumbani juu ya mto mdogo ili kicheze kidogo tu. Kahawa akikigusa hata kwa kucha, mpe kipande cha kuku. Akikikanyaga kikatikisika, mpe vipande vitatu. Usimwite, usimwelekeze kwa mkono. Kaa kimya, uache afikirie mwenyewe. Mbwa aliyegundua kwamba yeye ndiye anayekifanya kitu kipige kelele hubadilika kabisa. Utamwona anaurudia ubao kwa makusudi, anaupiga kwa mguu wa mbele, kisha anakutazama kudai ujira wake. Ukifika hapo ondoa mto, sauti iongezeke. Sauti ndiyo nusu ya hofu yake, na inafundishwa peke yake, mbali na urefu.

Ukiingia uwanjani, omba meza mbili au matofali imara yawekwe chini ya ncha zote mbili za pembea, ili ubao ushuke kwa upana wa vidole vichache tu. Zawadi iwe mwisho kabisa wa ubao, pale penye rangi, asizoee kulipwa njiani. Mfundishe kufika mwisho, kusimama, na kubaki hapo akila mpaka utakapomruhusu kushuka. Ukiona anakimbilia mwisho wa ubao kwa hamu, punguza vilivyo chini kidogo kidogo. Siku ya kuviondoa vyote, mtu mmoja ashike ncha kwa mkono na kuishusha taratibu. Na ukimwona analamba pua au anageuza kichwa, rudi hatua moja bila kinyongo. Funga mazoezi yeye akiwa bado anataka. Hili la mwisho ndilo gumu kwa vijana, maana jambo likienda vizuri mnataka kulirudia mpaka liharibike.

Sasa kuhusu mashindano ya mwezi ujao. Umemwandikisha darasa lenye vifaa vyote na lile la viunzi. La kwanza mtoe, mwanangu. La viunzi mwache, maana kule hakuna pembea, hakuna daraja wala kilima. Ni viunzi, mahandaki na fito zilizosimikwa mstarini ambazo mbwa hupenya katikati yake, na hayo anayafanya kwa furaha. Ukitaka sana aingie uwanjani penye pembea, waulize waandaaji kama unaweza kukimbia bila kushindana. Mashindano mengi ya Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, huruhusu hivyo. Unamwarifu mwamuzi kabla hujaanza, unaingia na mdoli wake wa kuvutana, unafanya vifaa unavyotaka, kisha unatoka ukicheza naye. Hupati utepe, lakini mbwa anajifunza kwamba uwanja wa watu wengi, wenye vipaza sauti na mahema, ni mahali pa raha.

Najua unaona aibu kuwaambia wenzako kwamba umemtoa. Waambie ukweli: pembea bado hajaiva. Kila aliyewahi kumwongoza mbwa atakuelewa.

Kuna jambo jingine kwenye video. Kabla Kahawa hajasita, miguu yako ilikuwa imeshasimama. Ulishajua atagoma, ukageuka kumtazama, mabega yako yakamkabili. Kwa mbwa, mabega yaliyomgeukia yanamwambia apunguze au aje kwako. Anasoma miguu yako kwanza, kisha mabega, kisha mkono, na sauti inakuja mwisho kabisa. Ndiyo maana unaweza kutaja handaki kwa sauti kubwa na yeye akaenda kwenye kiunzi ambacho kidole cha kiatu chako kimekielekea. Watu wanasema mbwa amekosea njia, kumbe amefuata alichoonyeshwa.

Kwa hiyo ule muda wa kuukagua uwanja bila mbwa, usiutumie kukariri namba za vifaa tu. Tembea kama utakavyokimbia. Amua ni wapi utakata mbele yake kubadili upande, wapi utapita nyuma yake, na ukifika kwenye fito hakikisha unampa njia ya kuingia huku fito ya kwanza ikiwa upande wa bega lake la kushoto. Akiingia upande mwingine, mwamuzi anahesabu kosa. Kahawa ana mwendo mzuri kwenye fito, anazipenya kwa mdundo kabisa, usimharakishe kwa makofi. Anapopenya, wewe nyoosha mwendo tu, sambamba naye, ukiangalia mbele.

Umeandika pia kwamba mtu alikwambia mbwa wa kuokotwa hawezi kushindana na Border Collie. Ni kweli Collie wanatawala mchezo huu. Walizalishwa kwa kuchunga kondoo, kukimbia wakimsikiliza mtu aliye mbali, na Radi wangu ni mmoja wao, sitakudanganya. Lakini kwenye ajiliti ya Kennel Club mbwa chotara wanaruhusiwa kama wengine, ilimradi wameandikishwa. Hata kwenye Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya chama hicho, wanaingia. Huko ndiko alikojulikana Kratu, mbwa aliyeokolewa kutoka Romania, aliyekuwa akiingia uwanjani na kupita anakotaka yeye, na watu wakamshangilia kuliko washindi wengi. Halafu Kahawa atashindana na wenzake wa kimo chake. Kwenye mabega ana sentimita 41, kwa hiyo yuko kundi la wastani na viunzi vyake vitakuwa vya sentimita 40. Usisahau kumpeleka kwa mpimaji rasmi mapema. Nyote wawili mtaanzia ngazi ya 1, na juu yenu ziko nyingine sita. Hakuna anayetegemea mwanzo huo uwe safi bila doa.

Mchezo wenyewe ulianza kwa ajili ya kufurahisha watu. Mwaka 1978, pale Olympia jijini London, waandaaji wa Crufts walihitaji kitu cha kujaza nafasi kati ya shughuli moja na nyingine kwenye uwanja mkuu. John Varley akapewa kazi hiyo, akachukua wazo la farasi wa kuruka vizuizi, akashirikiana na Peter Meanwell aliyekuwa akifundisha mbwa. Timu mbili zikaingia, mbwa wakaruka, watu wakasimama kupiga makofi. Kanuni rasmi zikafuata mwaka 1980. Mimi hupenda kukumbuka kwamba furaha ilitangulia, pointi zikaja nyuma.

Bibi yako bado haelewi. Nilipompigia Jumapili akauliza tena, "Huyo mbwa anashindana nini? Anakamata wezi?" Nikamweleza kwamba anaruka, anapita handakini, anapenya kwenye fito. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza anapewa nini akishinda. Nikasema utepe. "Na nyama?" Nikasema na nyama. Akaridhika. Usimcheke. Kule Marangu alikonilea, mbwa alikuwa wa ulinzi, anafungwa mchana na kufunguliwa usiku, anakula makoko ya ugali, na watoto tunaonywa tusimsogelee. Onyo lile lilikuwa na sababu, kwa sababu kichaa cha mbwa kinaua. Siku ya chanjo tulikuwa tunawapeleka wote kwa kamba za katani, tunapanga foleni, mbwa wanagombana, daktari wa mifugo anapiga kelele. Lakini mbwa wetu yule, ambaye hakufundishwa na mtu, alikuwa akizijua hatua za baba kutoka mbali barabarani. Baba akiwa amechoka mbwa alikuja taratibu. Baba akiwa na furaha mbwa alimrukia kifuani. Alimsoma kwa miguu yake, kama Kahawa anavyokusoma wewe.

Ndiyo maana siwezi kukubali avutwe. Mnyama anayekusoma kwa kiasi hicho hahitaji kamba ili ajue unachotaka. Anahitaji sababu ya kukuamini pale anapoogopa, na mwaka wake wa kwanza hakuwa na mtu wa kumpa sababu hiyo. Wewe ulimtoa kwenye kile kizimba, ukalala naye sakafuni wiki nzima mpaka akakubali kula. Namkumbuka alivyokuwa akijificha nyuma ya mashine ya kufulia. Binti aliyemsubiri kwa upole namna ile hawezi kushindwa na ubao mmoja.

Watu watakwambia samaki hukunjwa angali mbichi, kwamba Kahawa amechelewa. Umri haujamtupa. Kanuni zenyewe haziruhusu mbwa kushindana kabla ya miezi 18, kwa kuwa mifupa yake bado inakua, na wengi wanaingia uwanjani wakiwa na miaka miwili au mitatu. Una miaka mingi mbele yako naye, ukimtunza viungo. Kabla ya kukimbia mtembeze, mwache anyooshe mwili. Ukimaliza usimfungie garini moja kwa moja, mtembeze tena mpaka pumzi itulie. Siku ya joto kali, acha mashindano; mbwa hatoi jasho kama sisi, hupoa kwa kuhema. Na kucha zake zimerefuka, nimeziona kwenye video, zikate kabla ya Jumamosi.

Waandikie waandaaji leo, kabla muda wa kubadili madarasa haujafungwa. Mimi nimeomba kubadilishana zamu kazini, nikikubaliwa nitakuja na Radi na lile hema la kijani, tutakaa pamoja. Nitaleta chapati na kuku wa kutosha, wa kwetu na wa Kahawa, wa kwake bila chumvi. Ile video ya pembea nyumbani, ya ubao juu ya mto, nitumie hata kama hajafanya chochote zaidi ya kuutazama.

Nakupenda sana. Msalimie mjukuu wangu wa miguu minne.

Mama yako