Peji ya burudani iandike kazi za wasanii

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi hapa Temeke, peji ya burudani ndo naanza nayo kabla hata ya mpira, kwa hiyo haya naandika kwa sababu naipenda. Ila inaniuma jamani. Wiki nzima ni nani kaachana na nani, nani kavuta ndinga mpya, nani kamjibu nani Instagram, halafu kazi yenyewe haiguswi, huambiwi biti kagonga nani, mashairi kaandika nani wala imerekodiwa wapi.

Chukua singeli, huu muziki wa mbio wa uswahilini kwetu Dar. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, albamu ya vijana wa studio ya Sisso pale Mburahati, na baada ya hapo kina Bamba Pana wakawa wanaitwa kupiga kwenye matamasha ya Ulaya na wazungu wanawaandika kweli kweli, huku nyumbani watu bado wanasema ni muziki wa kihuni. Aliyetakiwa kutueleza ni wewe! Kwamba biti inakimbia midundo zaidi ya 200 kwa dakika, kwamba humo ndani kuna kinanda cha mchiriku, ule muziki wa zamani wa uswahilini, na vipande vya taarab vimekatwa vikaongezwa spidi mpaka sauti ya mwimbaji inakuwa nyembamba kama ya mtoto, na kwamba emsii akishika maiki kwenye kigodoro, ile ngoma ya mtaani ya usiku kucha, anashusha mistari muda mrefu bila karatasi, kodi, mama mwenye nyumba, shemeji aliyekuja kusalimia na hataki kuondoka, vyote vinaingia na kina hakimtoki. Huo ni ushairi, mhariri.

Vitabu ndo kabisa. Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobeli ya fasihi 2021 nchi nzima tulikuwa wajomba zake, mwaka uliofuata wachapishaji Mkuki na Nyota wakatoa Peponi, riwaya yake ya Paradise iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, nikasubiri uhakiki kwenye gazeti lako mpaka nikachoka. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu nayo hivyo hivyo, tunapewa picha ya mgeni rasmi na mfano wa hundi lakini kitabu kilichoshinda kinahusu nini na kinauzwa wapi hakuna anayesema, sasa mtu atakinunuaje?

Na magazeti yetu hayakuwa hivi. Mambo Leo lilianza 1923 na washairi wakawa wanatuma tungo zao humo, Shaaban Robert naye ni mmojawapo. Na ni huyo huyo Shaaban Robert aliyekaa chini akaandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji! Leo ukitaka kujua Siti alitokaje Fumba huko Zanzibar kuuza vyungu mpaka akaenda kurekodi sahani Bombay, kuna pa kusoma kwa Kiswahili. Hawa vijana wa Mburahati na Manzese wasiokuwa na meneja wala redio ya kuwabeba, miaka hamsini ijayo nani atasoma habari zao na wapi, maana posti zinafutwa na simu zinaibiwa.

Siombi uondoe udaku wote, najua unauza gazeti. Naomba nusu peji kila Jumamosi. Kitabu kimoja kipya cha Kiswahili, aliyekisoma mpaka mwisho aseme kizuri au kibaya na kwa nini, bei iwepo na duka liwepo. Nyimbo moja ya msanii asiye na lebo, majina yote yaandikwe, prodyuza, mwandishi, mpiga kinanda, na beti moja ya mashairi yake kwa ruhusa yake. Halafu kona ya wasomaji tutume tungo zetu, za arudhi zenye vina na mizani na za singeli zote zikae pamoja watu wajibizane. Na wanaohakiki walipwe, hata kidogo, vijana wanaosoma fasihi hapo UDSM wapo wengi na wanaiweza hiyo kazi.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam