Tusome hati za bima kabla ya ajali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe madereva wenzangu jambo linalowaumiza wengi. Mtu hulipa bima ya mtu wa tatu, akagongwa na gari lisilojulikana, ndipo anapoambiwa kuwa bima ile hulipa hasara aliyowasababishia wengine, si bati lake lililobonyea. Anayetaka gari lake mwenyewe lilindwe anahitaji bima kubwa, na hata hiyo huwa na kiasi ambacho mwenye gari huchangia kwanza. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likikutwa limebeba abiria wa kulipa, madai yanaweza kukataliwa.

Ajali ikitokea, wahudumieni majeruhi kwanza. Kisha, kama ni salama, pigeni picha kabla magari hayajasogezwa: namba za usajili, alama za breki barabarani, vioo vilipoangukia. Chukueni namba za simu za mashahidi, toeni taarifa polisi na kwa kampuni ya bima mapema. Msikiri kosa wala kuahidi malipo pale barabarani. Gari lisianze kutengenezwa kabla mkadiriaji wa hasara wa kampuni ya bima hajaliona.

Linalonikera zaidi ni majeruhi kuharakishwa kusaini hati ya kupokea fidia ya mwisho. Maumivu ya shingo au mgongo huweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, na sahihi ile kwa kawaida hufunga mlango wa kudai tena. Subirini daktari awapime kikamilifu.

Nanyi kampuni za bima, yaandikeni msiyoyalipia kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi zinazosomeka.

Msomaji wako